Mize Alibonyeza Moja

Mke wangu aliitwa Mize binti Haroub. Kwao Pujini. Nilimwoa nikamleta Mtambile mwaka ule karafuu zilipozaa mpaka matawi yakavunjika. Hakuondoka Pemba ila mara moja, alipovuka bahari kwenda Dar es Salaam kuchomwa mionzi.

Mimi skuli sikwenda. Yeye pia. Msahafu tulihitimu, basi. Hesabu yangu ni ya pishi za karafuu. Kwa hiyo nitasema machache.

Kazi yake ilikuwa kuchambua. Sisi wanaume tunapanda mkarafuu, tunashusha vishada, wanawake wanakaa chini wanatenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake. Mize alichambua miaka arubaini na saba. Kidole gumba chake kilikuwa cheusi hadi kwenye kucha. Hakikutakata hata siku ya Idi.

Lakini watu walimjua kwa salamu. Akiamkiwa, anajibu jema. Umeamkaje? Salama, alhamdulillah. Siku tuliyomzika mwanetu wa pili, asubuhi yake jirani yetu Ummi alipita ukutani akamwamkia kwa mazoea, kisha akajishika mdomo. Mize kamjibu: "Salama, mwenzangu. Nawe?" Nilimuuliza baadae, salama ipi? Akanambia, "Aliekuamkia hakuja kukutoza maradhi. Kaja na heri, mrejeshee heri. Lako mwambie Mungu."

Ndivyo alivyolelewa. Nami ndivyo nilivyolelewa. Hapa kwetu sote ndivyo.

Saratani ilimshika titi la kushoto. Walimkata, wakamtilia dripu, wakamchoma mionzi. Akarudi mwembamba, kichwa hakina nywele, kafunga kilemba cha kanga. Daktari alisema twende tukapumzike.

Hakupumzika. Usingizi ulikuwa umemkimbia. Sikuhitaji taa kulijua hilo. Nilisikia punje za tasbihi. Moja, nyingine, nyingine. Nikigeuka, zinanyamaza. Nikitulia, zinaanza.

Mwezi wa pili tangu arudi nikamwambia muuguzi wa hospitali kule Chake. Msichana mmoja anaitwa Ruweida, mtu wa Kiuyu, Pemba hii hii, mpole. Mize alikuwa pembeni akanikanyaga mguu. Nilikuwa nishasema.

Ruweida akasema kukosa usingizi ni ugonjwa nao, na wengi wenye saratani wanao. Akasema kuna mafunzo. Si dawa ya kumeza. Yako ndani ya simu. Kila alfajiri simu italia, sauti itamuuliza Bi Mize kalalaje. Kama vizuri, abonyeze moja. Kama hivi hivi, abonyeze mbili. Kama vibaya, tatu. Kisha itampa somo la siku. Siku arubaini na mbili.

"Na akibonyeza tatu siku tatu mfululizo," akasema, "mimi mwenyewe nitapiga. Au nitakuja."

Hilo nililisikia kwa masikio yangu. Nataka lijulikane kwamba nililisikia.

Simu tulikuwa nayo, mwanetu Hafiz aliileta kutoka Maskati. Ruweida akanionyesha moja ilipo, mbili ilipo, tatu ilipo. Tarakimu nazijua. Nikasema, hili jepesi.

Asubuhi ya kwanza tulikuwa tumeshasali. Simu ikalia. Mize akaitazama kama mtu anaetazama mgeni mlangoni, akajifunika ushungi vizuri, ndipo akapokea. Nilimwekea sauti kubwa kama nilivyofundishwa.

"Asalaam alaikum, Bi Mize," ikasema. Sauti ya mwanamke, ya Kiunguja. "Umelalaje usiku wa jana?"

"Waalaykum salaam, mwanangu. Salama, alhamdulillah. Nawe umelalaje? Watoto hawajambo?"

Sauti haikungoja. Ikaendelea na moja zake na mbili zake.

"Kana haraka haka katoto," Mize akasema. "Tena kanasema kama kanatafuna halua. Nibonyeze wapi?"

"Ulivyolala ndivyo ubonyeze."

Akabonyeza moja.

Nikamwambia, "Mize, hukulala weye."

"Nimeamkiwa, Kificho."

Nilidhani ni adabu ya siku ya kwanza. Mgeni akizoeleka utamwambia ukweli.

Masomo tuliyafuata. Mimi ndie niliyeyashika, maana Mize alikuwa akisikiliza sauti zaidi kuliko maneno. Somo la kwanza, kitanda ni cha kulala usingizi tu. Mchana usikilalie. Mwili utazoea kwamba kitanda maana yake usingizi. Somo la pili, amka saa ile ile kila siku. Somo la tatu, usingizi ukikataa, usigaagae. Ondoka, kaa pengine, mpaka macho yawe mazito.

Niliona maneno yana akili. Mti nao unaufundisha ungali mchanga uende unakotaka. Basi kila tukimaliza kusali alfajiri nilikunja godoro, nikalifunga kamba, nikalipandisha darini, ili asije akajilaza mchana. Yeye nikamtandikia mkeka ukumbini, na mto wa kuegemea.

Hapo ndipo maneno ya watu yalipoanza. Kwetu mgonjwa analala. Watu wanakuja kumtazama, wanamkuta kitandani, wanakaa ukingoni, wanamshika miguu, wanamwombea. Sasa wanamkuta Mize kakaa wima anachambua mchele, na kitanda kimebaki kamba tupu.

Ummi ndie aliethubutu. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kificho! Mgonjwa anatandikiwa, hatandikuliwi!"

"Ni mafunzo, Ummi."

"Mafunzo ya nani? Godoro umelipandisha darini kama karafuu iliyonyeshewa!"

Mize akacheka mpaka akashika ubavu. "Mwache, shoga. Anasubiri likauke alipeleke sokoni."

Wote tukacheka. Lakini Ummi alipotoka nikamsikia njiani akimwambia mwenzake kwamba mwanamme huyu kamchoka mkewe. Lilinichoma. Nikasema moyoni, atalala, na nyie mtaona.

Somo moja lilikuwa la wasiwasi. Sauti ilisema, usiupeleke wasiwasi kitandani. Upe saa yake. Kila siku baada ya alasiri kaa robo saa, sema yote yanayokusumbua, kisha funga mlango. Mize alilipenda. Tukimaliza kusali anajipiga magotini kwa viganja, anasema, "Haya, Kificho, duka la wasiwasi limefunguliwa."

Nami nakaa mbele yake kama mnunuzi.

Wasiwasi wake ulikuwa huu. Nani atachambua karafuu mwaka huu, na mabinti wa siku hizi hawana subira. Kilemba changu cha Idi kiko ndani ya sanduku la chini, nisije nikakitafuta la juu. Ummi macho yanamfifia na hasemi. Na mie nitakula nini, maana hata chai siijui kuipika, natia majani kabla maji hayajachemka.

"Na wewe?" nilimuuliza siku moja. "Mwili wako?"

"Robo saa imekwisha," akasema.

Kila alfajiri simu ililia, akaulizwa, akajibu salama, akabonyeza moja. Sauti ikawa inamsifu. Hongera Bi Mize, unaendelea vizuri. Na uso wake ukawa unaingia ndani. Macho yakaingia ndani. Akawa hawezi kuegemea mto, anakaa kapinda kama mtu anaesikiliza kitu chini ya ardhi. Nilimuuliza, unaumwa? Salama. Mgongo? Salama, Kificho, usinichoshe.

Wiki ya mwisho mkono ulikuwa unatetemeka, hawezi kupata tarakimu. Akanipa simu mimi.

Sauti ikauliza. Mize akajibu, salama, alhamdulillah. Mimi kidole changu kilikuwa juu ya tatu. Usiku ule alikuwa ameondoka kitandani mara sita. Nilihesabu.

"Nibonyeze tatu?" nikamuuliza.

Akanitazama kama nimemuuliza nivue nguo mbele ya watu.

"Kificho. Mtu kaniamkia."

Nikabonyeza moja. Na siku ya pili nikabonyeza moja. Siku saba. Thelathini na tano ni zake. Saba hizo ni zangu. Nilijua tatu iko wapi, na nilijua ikibonyezwa siku tatu nani atakuja. Niliona haya. Niliona pia, Mungu anisamehe, kwamba nikisema tatu nitakuwa nimekubali kwamba tumeshindwa, na Ummi alikuwa mkweli.

Siku ya arubaini na mbili sauti ikasema, "Hongera, Bi Mize. Umemaliza mafunzo. Tunakutakia usingizi mwema." Ikakata.

Asubuhi ya pili tulipomaliza kusali Mize akajifunika ushungi, akakaa, simu mapajani. Jua likatoka. Akaigeuza, akaitazama mgongo.

"Mbona hajapiga leo?"

"Kamaliza. Kakuaga jana."

"Labda kapatwa na jambo," akasema. "Kwao hawajawahi kuacha. Labda anaumwa, mtoto wa watu. Na mie sikumuuliza hata jina."

Nilitoka nje. Sikuweza kukaa. Nikavaa kanzu yangu nikapanda gari mpaka Chake, sikumwambia ninakokwenda.

Ruweida aliponiona akasimama akatabasamu. "Mzee Kificho! Shikamoo. Nilikuwa nikimsema Bi Mize jana hapa." Akafungua kompyuta akanigeuzia. Palikuwa na mistari mingi, inapanda inashuka kama njia za wadudu chungu. Mmoja ulikuwa juu peke yake, umenyooka.

"Huyu ndie yeye. Wenzake wote wanapanda na kushuka. Yeye kanyooka siku arubaini na mbili. Tulitaka kuja kumwomba awasemeshe wagonjwa wengine."

Nikautazama ule mstari.

"Hakulala," nikasema.

"Siku gani, Mzee?"

"Zote."

Akaniangalia. Akaangalia kompyuta. "Mbona alibonyeza moja?"

"Mwanangu, weye wa Kiuyu. Mliuliza kalalaje. Alfajiri. Mlianza na asalaam alaikum. Ulitaka akujibu nini?"

Alivuta kiti akakaa, akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Kisha akauliza, polepole, "Ana maumivu?"

"Sijui."

"Hujamuuliza?"

"Kila siku namuuliza. Ananambia salama."

Akasema mafunzo yale ni ya mtu ambaye usingizi wake umeharibika kwa hofu na mazoea mabaya. Anaekoseshwa usingizi na maumivu, hayo yana dawa yake, na dawa ipo. Tatu ndizo zingewaambia. Akasema angekuja wiki ile ile ya kwanza. Hakusema kwa kunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Akamwandika Mize upya mbele yangu, mafunzo yaanze tena mwanzo baada ya siku tatu. Akasema kesho asubuhi atapiga yeye mwenyewe kwanza, amsikie.

Kesho yake simu ikalia. Mize akaichupia, yeye ambaye hakuweza kunyanyua kikombe.

"Asalaam alaikum, Bi Mize. Ni Ruweida wa hospitali."

"Waalaykum salaam! Nilikuwa na hofu nanyi. Yule mwenzio mwenye sauti ya halua hajambo?"

"Hajambo, Bi Mize. Na wewe? Umelalaje?"

Nilikuwa mbele yake. Jasho lilikuwa linamtiririka chini ya kilemba. Meno alikuwa ameyauma. Akayaachia.

"Salama, mwanangu. Alhamdulillah. Nawe?"

Nikampokonya simu.

"Uongo," nikasema. Nilipiga kelele, nadhani mpaka kwa Ummi walinisikia. "Uongo! Hakulala! Tangu arudi Dar es Salaam hajalala, anaungua, anakwambia salama, usimsikilize! Njoo! Njoo umwone!"

Nikakata.

Mize alikuwa ananitazama. Kisha akavuta kanga yake akajifunika uso.

"Miaka arubaini na saba," akasema ndani ya kanga, "hujaniita muongo mbele ya watu."

Nilikaa pale. Nilimwita. Hakunifunulia.

Ruweida alikuja kabla ya adhuhuri pamoja na daktari. Walimgusa mgongo, na Mize, ambaye sikuwahi kumsikia akilia hata akijifungua, alilia. Daktari akanivuta nje. Ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye mifupa ya mgongo. Siku nyingi, akasema. Wakaniachia chupa ya dawa ya maji na bomba dogo la kupimia, Ruweida akanionyesha kipimo. Nikapanda darini nikalishusha godoro. Ummi akanisaidia kulitandika.

Nikampa dawa. Alimeza bila kunitazama.

Akalala.

Nilikuwa nimeuomba usingizi ule miezi mitatu. Katika sala, nje ya sala, juu ya mkarafuu. Ukaja mchana mweupe, kitandani, kinyume cha mafunzo yote, na ulikuwa mzito. Uso ulilegea. Nikauona tena uso wa yule msichana wa Pujini. Na mie nilikuwa nimekaa ukingoni nikimtaka aamke.

Maana sikuwa nimemwomba radhi. Mume na mke hawaachani bila radhi. Nilitaka afumbue macho nimwambie, Mize, nisamehe, nilikufedhehesha kwa kuwa sikuwa na njia nyingine. Nisamehe na zile saba. Akiamka anakunywa maji kidogo, macho hayajanifika, anarudi. Saa ya dawa ikifika nilikuwa nashika bomba. Nikimpa, atalala, sitamsemesha. Nisipompa, ataamka, na maumivu yataamka nae. Nilimpa. Kila saa yake ilipofika, nilimpa.

Siku ya tatu, asubuhi, nikasikia mkono wake juu ya mkono wangu. Kile kidole gumba cheusi. Macho yalikuwa wazi, yamenikazia, ni yake.

Maneno nilikuwa nimeyapanga. Nilikuwa nimeyarudia siku mbili. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kile ambacho mdomo wangu umezoea kukitoa asubuhi mbele yake.

"Umelalaje, Mize?"

Alifikiri. Nilimwona akifikiri.

"Nimelala, Kificho," akasema.

Hakusema salama. Hakusema alhamdulillah mpaka baadae kidogo, midomo tu, na hiyo haikuwa yangu. Akafumba macho. Sikuwahi kumwambia lile jingine. Kabla ya alasiri alikuwa ameshakwenda.

Tulimzika siku ile ile. Watu walikuwa wengi. Khitma ikasomwa siku tatu. Kila mtu aliponipa mkono aliniuliza hali, nami nikajibu kama inavyojibiwa.

Alfajiri ya kwanza baada ya kumzika, simu ililia. Nilikuwa nimekaa juu ya mkeka, godoro nimelirudisha darini, sikujua nilifanye nini jingine. Nikapokea.

"Asalaam alaikum, Bi Mize. Umelalaje usiku wa jana?"

Ile ya halua. Ruweida alimwandika upya siku ile nilipokwenda, na hakuna aliekumbuka kumfuta.

Nilikaa nayo mkononi. Nyumba nzima kimya. Sauti ikasema moja, ikasema mbili, ikasema tatu.

Nikabonyeza tatu.

Asubuhi ya pili ikalia, nikabonyeza tatu. Na ya tatu.

Siku ya nne simu ililia mchana. Ruweida. Alikuwa analia kabla hajasema. Akasema, "Mzee Kificho, tusamehe. Nimeona sasa hivi. Jina la marehemu bado limo, mashine inapiga yenyewe, ni kosa letu. Nalifuta sasa."

Kisha akauliza.

"Mzee. Nani alibonyeza tatu?"

"Mimi."

Nikasikia pumzi zake. Nje Ummi alikuwa anatwanga, akaacha.

"Usilifute," nikasema.

"Mzee, haya mafunzo si ya..."

"Najua. Usilifute."

Nikamsikia anavuta kiti, anakaa, kama alivyokaa siku ile.

"Umelalaje, Mzee Kificho?" akaniuliza.

"Sikulala, mwanangu," nikamwambia. "Sikulala."